Lobo Aliyebaki na Ufunguo

Uvumi niliusikia kwenye foleni ya tortilla, chapati zetu za mahindi, nikajaribu kuutema, ukanikwama: kwamba ndani ya kila mashine ya gemu ya mtumba anabaki mwenyewe wa kwanza. Si jini. Ni mtu na akili zake, anayeweza kuingia nyumbani kwako apendapo, kama aliyekuuzia nyumba akabaki na ufunguo.

Aliyenimwagia habari hiyo ni shoga yangu Nieves, muuza burrito, yaani tortilla zilizoviringishwa na maharage. Habari ikimfikia huyo asubuhi, mchana imeshaota mkia.

"Mtaa wa juu huko, Ofelia," alisema. "Mtoto wa watu anacheza zake, mara mashine ikamwita kwa jina. Mama yake akaibeba akaitupa mtaroni."

"Mashine nzima?"

"Nzima na nyaya zake."

"Basi nionyeshe huo mtaro nikaiokote."

Foleni ilicheka. Nieves naye alicheka, ila akanisogelea sikioni. "Wewe fanya mzaha. Binti yako ana mashine ya kwa Chepina, au nakusingizia?"

Hakunisingizia.

Kwa ambaye hakusoma safu yangu gazetini wiki zilizopita, nampokea mlangoni aingie. Mimi ni mama wa binti mmoja, Dalila, wa miaka kumi na mitano. Tunaishi Juárez, upande huu wa daraja, Meksiko. El Paso, Marekani, iko ng'ambo. Mume wangu, Efraín, anaendesha lori la mizigo na nyumbani anakuja kama mgeni. Aliyebaki kunisimamia ni mama yake, Bi. Eduviges, ambaye hujapata kumsikia akisema neno zuri juu ya kitu chenye waya.

Nilimnunulia Dalila mashine ya gemu kwa Chepina, kwenye soko la mitumba, na mkosi haukuchelewa. Kasha la gemu ya mpira nililifungua nikakuta diski ya mazoezi ya kupunguza tumbo. Rimoti ya kuchezea, ya kwanza, ilikuwa inatambaa kushoto yenyewe, hata ukiiweka mezani mchezaji anakwenda kujigonga ukutani. Nikanunua ya pili, zote mbili nikazitundika kwenye msumari kando ya televisheni.

Halafu wiki iliyopita tuliunganisha mashine na intaneti kwa mara ya kwanza. Pale ndipo nilipowaachia. Kwenye kioo yalitokea maneno: "Wewe nani unayetumia jina langu?"

Na jina lililokuwa ndani ya mashine yetu siku zote hizo, sisi tukidhani ni pambo tu, lilikuwa Lobo. Lobo kwetu ni mbwa mwitu.

Mmeniandikia wengi. Mmoja kasema mwanamke aliyeishia darasa la sita asiguse vitu vya umeme. Barua yake nimeisoma, nimeikunja, nimefungia mayai. Mwingine kasema si ungenunua mpya tu. Huyo namjibu hapa hapa: ninunulie wewe.

Sijutii mtumba, na sitajuta leo kwa sababu mmenisubiri nijute. Tulipohama kutoka mji wa Parral, Dalila aliziba mdomo. Shuleni kimya, mezani kimya, mtoto anakula kama anayesubiri basi. Mashine hiyo ndiyo iliyomfungua. Kiingereza alichonacho kakiokota humo. Kicheko alichonacho kakiokota humo. Gemu moja ya mtumba inagharimu kama kuku, na ukiichoka unamrudishia Chepina unaongeza kidogo unachukua nyingine. Gemu mpya ukishaichana nailoni imekula kwako.

Niliogopa jambo moja tu, na ndilo lililoninyima usingizi tangu foleni ile: kwamba mtu nisiyemjua atamchukua binti yangu kupitia kwenye ule waya, mimi nikiwa jikoni nageuza maharage.

Sasa tuendelee.

Bi. Eduviges alikuwa ameyaona yale maneno kwenye kioo. Hakuyaelewa, lakini kuelewa hakujawahi kumzuia.

"Mke wa mwanangu, mashine hiyo itoke."

"Haitoki, mama."

"Kuna mwanamume ndani yake."

"Kama yumo basi analala bure. Aanze kulipa kodi."

"Unanitania mimi?"

"Nakutania vipi, mama, wakati hata mimi usiku silali? Lakini mashine nimeinunua kwa jasho langu. Atakayetoka ni yeye."

"Na asipotoka?"

"Basi nitamfuata kwao."

Yule bibi alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndara. "Efraín alioa askari," alisema, akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni, anakoihesabu dunia ikipita.

Dalila alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nilimwona vidole vya miguu. Nikamwuliza, "Huyo Lobo ameandika tena?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alijibu haraka mno. Niliusikia uharaka wenyewe, nikaupitia mbali. Mama akitaka sana mtoto wake awe msafi, anaweza kuona doa akaliita kivuli.

Nikajifunga mtandio, nikaenda sokoni.

Meza ya Chepina iko mwisho kabisa, baada ya majokofu na baiskeli zisizo na tairi. Ana televisheni juu ya kreti, na waya wa umeme anaoazima kwa muuza juisi jirani. Huku kwetu kitu cha mtumba hakilipiwi kabla hakijajaribiwa mezani. Kinawashwa mbele yako, unakigusa, unakisikiliza. Ukiridhika unatoa pesa, na ukishatoa pesa neno limekwisha. Ukirudi kesho na malalamiko, wewe ndiye mwenye haya.

Mimi nilirudi, na haya nikaiacha nyumbani.

"Mama Dalila," Chepina alisema bila kuinua macho, anafuta diski kwa pindo la aproni. "Uso huo unakuja kugombana."

"Unakuja kuuliza. Ugomvi utategemea jibu."

"Ulijaribu mashine au hukujaribu?"

"Nilijaribu."

"Picha ilitoka?"

"Ilitoka."

"Sauti je?"

"Nayo ilitoka."

"Akili zako ulikuwa nazo?"

"Zote."

"Basi unaniuliza nini? Mimi nauza kinachowaka. Vyeti vya ubatizo wanatoa kanisani."

Muuza juisi akacheka. Nikamgeukia. "Wewe kamua machungwa yako." Akakamua.

"Sitaki pesa yangu," nikamwambia Chepina. "Nataka kujua lile jina la ndani ni la nani. Mbona hukulifuta?"

Hapo aliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza kwa nini samaki ana magamba.

"Nilifute? Shoga yangu, nikilifuta mashine inakuwa kama mtoto mchanga. Inataka intaneti, inataka barua pepe, inauliza umezaliwa lini. Mimi hapa intaneti sina, hata choo sina. Mteja amesimama juani, mashine inamwuliza kazaliwa lini, si anaondoka? Yenye jina inaamka papo hapo, inaingia kwenye gemu, mteja anatabasamu, analipa. Wewe mwenyewe ulitabasamu."

Nilitabasamu kweli. Nakumbuka alivyoniambia, "Hii iko tayari, mama, ina gemu zake ndani," nami nikaona nimepata zawadi. Nilijipongeza njia nzima. Nilijaribu kioo, nikajaribu sauti, nikajaribu vitufe kimoja kimoja kama ninavyobinya parachichi. Jambo la kuuliza lilikuwa limeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, na sikuliuliza, kwa sababu sokoni kwetu hakuna anayeliuliza. Ile desturi yetu ya kujaribu, tunayojivunia, ndiyo iliyomwingiza Lobo nyumbani kwangu.

"Uliipata wapi?" nikamwuliza.

"Ng'ambo. Jumamosi moja nilivuka kama kawaida yangu, nikazunguka nyumba wanazotoa vitu uani kuuza. Kwa mama mmoja hivi nikachukua sahani, taa ya kusimama na sufuria. Binti yake ndiye aliyeniletea mashine."

"Binti?"

"Msichana. Mkubwa kidogo kuliko wako. Nywele kazikata kama jeshi."

"Na mama yake alikuwepo akimwona?"

"Alikuwa kaingia ndani kunitafutia kifuniko cha sufuria."

"Chepina. Mtoto anakuuzia mashine mama yake akiwa ndani, wewe hukushtuka?"

"Jumamosi ukishtuka, mwenzako ameshanunua."

Nilitamani kumrushia ile taa ya kusimama, maana bado alikuwa nayo hapo, haijapata mtu. Badala yake nilinyoosha mkono. "Namba ya huyo mama unayo."

"Nani kakwambia?"

"Hujawahi kuondoka mahali bila kifuniko cha sufuria yako. Lazima alikuahidi kukupigia akikipata."

Alikung'uta aproni. Kisha akatoa simu kifuani. "Ukimpata," alisema, "mkumbushe kifuniko."

Nilipiga nikiwa pale pale, nimeegemea majokofu. Iliitika sauti ya mwanamke, Kihispania cha kwetu kabisa kilichochanganywa na cha ng'ambo.

"Haloo, ni kuhusu kifuniko?"

"Si kifuniko, dada. Samahani. Mimi naitwa Ofelia, niko Juárez. Ni kuhusu mashine ya gemu mliyomuuzia Chepina."

"Mashine ya gemu? Hapana, dada, umekosea nyumba. Sisi tumeuza vyombo."

"Binti yako ana nywele fupi?"

"Anazo."

"Na mashine yake iko wapi?"

"Iko kwa rafiki yake, Jordan. Ameihamishia huko wacheze pamoja. Kila siku jioni anakwenda. Kwani kuna nini? Wewe ni nani hasa?"

Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. Niliifahamu ile sauti, ni yangu mwenyewe nikiita jina la Dalila kona ya mtaa. Nikateremsha ya kwangu.

"Dada, unajuaje kwamba yuko huko kwa Jordan?"

"Naona. Nina kile kitu kwenye simu, cha wazazi. Jina lake likiwa na taa ya kijani najua anacheza. Jioni nzima inawaka. Mimi nafanya kazi hospitalini, kufua mashuka, siwezi kumpigia kila mara. Nikiona kijani napumua."

"Jina lake kwenye mashine ni nani?"

"La binti yangu? Anaitwa Renata."

"La kwenye mashine, dada."

"Ah. Lobo."

Chepina alikuwa ameacha kufuta diski. Muuza juisi naye alikuwa ameacha kukamua.

Nimewahi kumwambia mwanamke kwamba mume wake yuko baa. Nimewahi kumwambia jirani kwamba mbwa wake amegongwa. Lakini hili lilikuwa zito kuliko yote.

"Dada Graciela," nikasema, maana jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye simu ya Chepina. "Mashine ya Renata iko sebuleni kwangu. Taa ya kijani unayoiona jioni ni binti yangu anacheza."

Nilisikia mashine za kufulia zikizunguka nyuma yake.

"Jioni zote?" aliuliza hatimaye.

"Tangu tuunganishe intaneti."

"Basi mwanangu," alisema pole pole, kama anayeshuka ngazi gizani, "anakuwa wapi?"

Mimi niliyekwenda sokoni kumsaka mbwa mwitu, nilikuwa nimemtoa mama mwenzangu kwenye kitu pekee kilichokuwa kinampa pumzi. Nikamwahidi nitampigia baada ya kuongea na wangu. Nikaondoka bila kuaga.

"Kifuniko," Chepina aliniita. Sikugeuka.

Nyumbani nilimkuta Dalila amekaa mbele ya televisheni, jina la Lobo liko kwenye kioo. Nilisimama katikati.

"Mama, unaziba."

"Renata ni nani?"

Rimoti ikamponyoka. Hakuruka kimanga, na hilo nitampa sifa yake. Alikaa tu akatazama miguu yangu.

"Aliandika tena," alisema.

"Uliniambia hakuandika."

"Nilijua utauza mashine."

"Mimi? Nimegombana na bibi yako, nimegombana na soko zima, kwa sababu ya mashine hii. Mashine haiuzwi. Nieleze."

Akanieleza, machozi na makamasi. Lobo alipoandika mara ya kwanza, Dalila alijibu kwamba amenunua kwa halali yake. Lobo akasema anajua, yeye ndiye aliyeuza, na angeweza kulifunga jina lile wakati wowote, gemu zote zilizomo zikafa pamoja nalo. Lakini hatalifunga. Dalila abaki nalo, na rafu nzima ya gemu iliyomo, acheze atakavyo. Sharti moja tu: awe anacheza jioni, kuanzia watu wanaporudi kazini mpaka chakula cha usiku, kila siku bila kukosa.

"Nawe hukujiuliza kwa nini?"

"Alisema nisiulize. Mama, ni sharti gani hilo? Anaambiwa mtu acheze gemu. Ningekataa?"

Nilikaa kitini. Ningekuwa na miaka kumi na mitano, nami ningekubali nikaomba na soda juu.

"Kwa hiyo ulijua ni msichana."

"Baadaye. Tunaongea. Yeye anachekesha, mama. Anasema mimi ndiye mtu pekee anayemjua Lobo alivyo ndani."

"Kumbe mimi nahofia mtu aliyeingia kwetu," nilisema, "na wewe ndiye uliyeingia kwa watu."

"Sikuiba kitu."

"Umemshikia mlango mtoto wa mwenzangu akapita, mama yake anadhani yuko ndani. Jioni zote. Sasa mama yule yuko kazini hajui amtafute wapi. Anakwenda wapi, Dalila?"

"Sijui."

"Anakwenda wapi?"

"Nimekwambia sijui. Niliapa nisiulize."

Nikachomoa waya. Kioo kikawa cheusi. Dalila alitoa sauti ndogo, kama nimechomoa kitu chake mwenyewe. Nikaibeba mashine nikaiweka mapajani, moto moto, kama kuku aliyetoka kuatamia.

"Si ulisema haiuzwi."

"Haiuzwi. Itakaa hapa mapajani mwangu mpaka jina la Lobo litoke na lako liingie. Leo utaniandikia ujumbe kwa huyo Renata, neno kwa neno ninavyokwambia."

"Ukifanya hivyo atajua nimesema."

"Ndiyo. Na ajue."

Kisha akaniuliza, akiwa ametulia ghafla kwa namna ambayo ningepaswa kuiogopa, "Kwani mama yake ataniona mimi mbaya?"

"Ataniona mimi kwanza. Nitampokea."

Hapo Bi. Eduviges alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mnaongea kama redio na tortilla zimekwisha. Mtoto aende, foleni bado fupi."

Nilifikiri: vizuri, atoke kidogo, apunge upepo, nami niongee na Graciela bila masikio yake. Nikampa hela. Alichukua mfuko wa kitambaa, ule mkubwa. Nilimwona akikawia kando ya televisheni, mgongo umenielekea, anafunga kamba ya kiatu. Nikainama kutafuta namba.

Alipita mlangoni. Bibi yake akamwambia, "Zilizo moto, siyo za juu."

"Ndiyo, bibi."

Simu ya Graciela iliita kabla sijaibonyeza.

"Dada Ofelia," alisema. Alikuwa ametoka nje, nilisikia magari. "Nimeomba ruhusa. Naenda kwa Jordan. Nimempigia mama yake, anasema Renata hajakanyaga kwao wiki nzima hii. Umeongea na binti yako?"

Nikamweleza sharti lile. Alinisikiliza bila kunikatiza, na mwisho hakunitukana, ingawa ningemwelewa.

"Mwambie asihofu," alisema. "Mimi binti yako simlaumu. Nampenda hata, ameniweka salama kwa uongo. Ila sasa mwambie asicheze tena, dada. Aizime. Nataka nione taa ile imezimika, nijue ninachokiona ni cha kweli."

"Nimeshaizima."

"Hapana. Jioni ndiyo hii, anacheza."

"Dada, nimeichomoa muda umepita. Waya nimeushika mkononi."

"Ofelia, naitazama. Iko kijani."

Niliitazama mashine mapajani mwangu. Imekufa. Imeanza hata kupoa.

"Labda inachelewa," nikasema.

"Imewaka sasa hivi. Nilipokupigia ilikuwa imezimika. Imewaka tukiwa tunaongea." Nikasikia akisoma, na sauti inakwenda ikipungua. "Lobo yuko mtandaoni. Wachezaji wawili. Chumba kimoja."

"Chumba kimoja maana yake nini?"

"Wamekaa pamoja. Rimoti mbili, mashine moja, na si hiyo uliyoishika."

Kutoka mlangoni Bi. Eduviges alisema, wala hakuwa akisema na mtu, "Mbona mtoto kapita foleni tangu pale, na hajarudi? Nilimwita hakuitika. Nieves naye alimwita, mtoto akapita tu."

Niligeuka kuutazama msumari kando ya televisheni.

Ilikuwa imening'inia rimoti moja. Ile inayotambaa kushoto.

"Graciela," nikasema. "Binti yako amewahi kuvuka daraja kuja huku peke yake?"

"Kamwe. Hata njia hajui."

"Basi sasa anaijua, maana wangu kamfikia kwa miguu na rimoti yetu, na kwa miguu anajua nyumba mbili tu, yetu na ya Nieves. Na ya Nieves ameipita."

Nawaachia hapo mpaka wiki ijayo; nimeandika haya mashine bado iko nami. Mlio tayari kusema nilijitakia, semeni. Nimewaachia nafasi ukingoni mwa gazeti. Nitanunua mtumba tena, na nitanunua kwa Chepina, lakini nitakuwa na maswali ambayo sikuwa nayo. Akina mama wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka, kwa kadiri ninavyojua mpaka leo:

Usinunue mashine kwa sababu imewaka. Uliza imewaka kwa jina la nani.

Usichukulie "ina gemu zake ndani" kuwa zawadi. Gemu hizo zina mwenyewe, naye anaweza kuzifunga.

Usiondoke mezani kabla jina la kwanza halijafutwa mbele ya macho yako. Muuzaji akisema hana intaneti, washa ya simu yako, msimame wote juani.

Usilipie kasha. Fungua, uione diski, uigeuze kwenye mwanga.

Usichukue rimoti bila kuiweka mezani na kuiacha peke yake. Ikitambaa, irudishe.

Usinunue kwa mtoto ambaye mama yake ameingia ndani kutafuta kifuniko.

Usiamini taa ya kijani. Inakwambia jina liko macho, haikwambii mtoto yuko wapi.

Usiuze mashine kwa kuwa mama mkwe kasema. Ningeuza mimi, taa ya Graciela ingeendelea kuwaka kwa mtoto mwingine mpaka leo, naye akipumua kwa uongo.

Na siku ukichomoa waya, usihesabu rimoti mtoto akishatoka. Zihesabu kabla.